Kilima Kilicholala Ng'ambo

Jumamosi hiyo, jua likianza kushuka, Vitalis Ojakol alikuwa amepiga magoti juu ya kilima akigongelea vigingi vya hema kwa jiwe, na kila akigonga mara mbili tatu aliinua macho kuangalia upande wa magharibi. 

Mteja, Bwana Mutua, alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha kukunja akipaka mafuta ndoano za kuvulia samaki. Yeye alikuwa meneja wa kiwanda cha sabuni huko Nairobi. Mkewe, Jerusha, alivaa suruali na kofia pana, akazungusha darubini juu ya vichaka mpaka akampata ndege.

"Yule mwenye madoadoa ni nani?"

"Kanga, mama," Ojakol akajibu. "Huyo analiwa."

"Hatukuja kula ndege. Tumekuja kuwaangalia."

Ojakol akasema ni sawa. Kazi yake ilikuwa kusema ni sawa. Aliajiriwa na Kampuni ya Pumzika Kaskazini, iliyouza viwanja vya mapumziko huku juu ya Malaba kwa watu wenye gari na uchovu. Zamani wazungu ndio waliokuwa na nyumba za kupumzikia. Sasa uhuru ulikuwa na miaka mitano, na mwenye nchi naye alitaka kukaa kwenye kiti cha kukunja, apigwe na upepo, achome nyama, atazame jua likizama bila kuulizwa anatafuta nini. Nani wa kumlaumu? Kilima hiki kilikuwa ndicho kiwanja kizuri kuliko vyote. Kilikuwa na mwamba wa kuotea jua, mkuyu wa kivuli, chemchemi isiyokauka, na mto Malaba chini yake. Kilikuwa na kasoro moja tu, na mkubwa wa kampuni, Jacktone Orwa, alikuwa amemwonya Ojakol asiitaje mpaka mteja apende mahali.

Kasoro yenyewe ni kwamba kilima hakikulala Kenya.

Kila jioni, jua likigusa miti ya upande wa Uganda, kilijing'oa polepole, kikateremka na mkuyu wake na chemchemi yake, kikavuka barabara na kisha mto, kikaenda kulala ng'ambo. Alfajiri kilirudi. Malori yaliyokuwa yakielekea Tororo yalisimama kukingoja, na mataniboi walishuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu na kununua mahindi ya kuchoma. Koplo Opolot wa kizuizi cha darajani alikuwa na swali moja tu siku za kwanza: kilima ni abiria ama ni mzigo? Tangu mwaka uliopita bidhaa za viwandani zilikuwa zimeanza kulipiwa kodi zikivuka, naye hakutaka lawama. Akauliza wakubwa wake. Wakamjibu kwamba kilima hakikutengenezwa kiwandani, basi akiachie kipite. Tangu hapo aliinua kile kizuizi chake na kukishusha, na habari zikaishia hapo.

Ojakol peke yake ndiye aliyejua kilima kilimfuata nani, au tuseme ndiye peke yake aliyepaswa kusema.

Kilima kilikuwa cha Akurut, mama yake mkewe. Na kwa Waiteso wa huku, mtu na mama mkwe wake hawaangaliani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawali chungu kimoja, hawasemezani ana kwa ana, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mwanamume hata ashikwe na homa. Tangu amwoe Petronilla, Ojakol alikuwa hajauona uso wa Akurut. Alimjua kwa visigino vyake vilivyopasuka, na kwa sauti yake nyuma ya ua akimwambia mtu mwingine, "Mwambie yule kijana viazi viko." Alimheshimu kweli. Viazi vyake pia alivipenda.

Basi mwanzo wa mvua za mwaka huo Akurut alifiwa na kaka yake huko ng'ambo, akafunga mlango wa nyumba yake kilimani kwa matete, akaenda matangani. Wakati huo huo mpimaji wa kampuni akafika na nyororo zake za kupimia. Akamkuta Ojakol akilisha mbuzi chini ya mkuyu. Akainyoshea kidole ile nyumba.

"Hii ni ya nani?"

Ojakol akafungua kinywa. Jina likafika kwenye ulimi likakwama hapo, kwa sababu lilikuwa ni jina la mkwe. Akaanza kutafuta njia ya kuzunguka. Angeweza kusema ni ya mjane wa fulani, lakini marehemu naye alikuwa mkwe. Jua lilikuwa kali na mpimaji alikuwa na kilima kingine cha kwenda. Akamwangalia Ojakol akihangaika na mdomo wazi, akasema, "Sawa, haina mtu," akapigilia chuma chake chini. Wiki haikuisha kibanda kikabomolewa, yakabaki mafiga matatu kwenye majani. Orwa akaja na kibao cha kampuni, akamkuta Ojakol bado anazunguka pale kama aliyepoteza kitu, akampa kazi na kofia.

Kofia ilimkaa vizuri. Hapo ndipo heshima ilipoanza kugeuka kuwa kitu kingine, na Ojakol alikuwa wa kwanza kujua.

Akurut aliporudi kutoka matangani, alikuta kibao. Hakupiga kelele. Alichukua jungu lake lililotupwa kando, akavuka tena kwenda kukaa kwa marehemu kaka yake. Jioni hiyo hiyo kilima kikamfuata.

Sasa jua liligusa miti. Ojakol alishika kigingi cha mwisho, akahisi ardhi ikijikusanya chini ya magoti yake.

Bwana Mutua aliacha ndoano. Kilima kilikuwa kinateremka taratibu, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Chini yao lori la saruji lilipiga honi mara moja na dereva wake akapunga mkono. Mto ukapita chini yao, kisha mashamba ya wimbi ya upande wa pili, kisha kikatulia.

"Sasa tuko wapi?" Mutua akauliza.

"Uganda, mzee."

"Na asubuhi?"

"Tutakuwa nyumbani kabla ya chai."

Ojakol alingoja kwa roho mkononi. Alitaka mteja akasirike, akunje hema lake aende zake. Na alitaka mteja asikasirike, maana kazi nyingine ya kofia hapakuwa nayo kuanzia Malaba mpaka Bumala. Mtu hawezi kuomba mvua na jua katika sala moja, lakini yeye aliomba.

"Hii haikuwa kwa tangazo," Mutua akasema mwishowe.

"Hiyo ni ya bure, mzee."

Mutua akamtazama mkewe. Jerusha alikuwa ameshapata ndege wengine kwa darubini. "Wa huku wana mikia mirefu zaidi," akasema. Mutua akacheka mpaka kiti kikalia.

Akurut alipanda kutoka upande wa mkuyu, kuni kichwani, Petronilla nyuma yake na maji. Ojakol alivisikia vile visigino kwenye majani, akakimbilia nyuma ya hema kama ilivyompasa. Mama yule alijifunika shuka kichwani alipoona ncha ya kofia, akapita, akainama kwenye mafiga yake, akawasha moto, akapika. Wageni waliona ni mambo ya kambi. Mutua aliuliza kama chakula hicho pia ni cha bure.

Petronilla alizunguka nyuma ya hema. Alikuwa amehamia kwa mamake tangu kofia ije nyumbani, na alikuwa amekonda.

"Jumatatu wazee wa ardhi wanakaa pale sokoni," akamwambia mumewe. "Ni mara ya mwisho. Mama ataenda kusema kilima ni chake. Wataomba mtu aliyesimama hapo siku ya kupima. Ni wewe peke yako."

"Nitasemaje na yeye yuko hapo?"

"Mama ameshafikiria. Atakaa nje, mgongo kwa dirisha, na shuka. Hamtaonana."

"Na jina? Utataka nitaje jina?"

"Sema ni ya mama yake Petronilla. Langu unaweza kutaja, ama limekuwa na mwiko pia?"

Yule mwanamke mzee alikuwa amekaa na mila, akaigeuza huku na huku, akamtobolea mlango wa kupita. Upande wa pili wa hema, Akurut alimwambia bintiye kwa sauti ya kusikika, "Mwambie yule kijana viazi viko." Ojakol alikula amesimama, na machozi yakamtoka, akayapangusa kwa kofia.

Jumatatu wazee walikaa. Orwa alikuwa mbele kabisa, miguu imepishana, viatu viking'aa. Nje ya dirisha ulionekana mgongo mdogo uliofunikwa shuka ya bluu, haujongei. Mzee mmoja alisema kwamba kwa maoni yake hakuna haja ya maneno mengi, kwani kilima chenyewe kila jioni kinamwendea yule mama na Malaba nzima inaona. Mwenyekiti akasema hilo linajulikana, lakini kilima hakiwezi kula kiapo.

"Kuna mtu alikuwa pale siku ya kupima?"

Watu wote wakamgeukia Ojakol. Orwa hakugeuka. Alikohoa tu, kikohozi kidogo cha mtu asiyeumwa.

Ojakol akasimama. Alikuwa na maneno yote tayari. Alikuwa ameyarudia Jumapili nzima kwa mbuzi: *nyumba ni ya mama yake Petronilla, niliijua, mpimaji aliniuliza nikanyamaza.* Akautazama ule mgongo. Akaitazama kofia yake mkononi. Aliogopa, hakuna namna nyingine ya kulisema. Safari hii hakuna mila iliyomshika ulimi.

"Sikuona vizuri, wazee," akasema. "Siku hiyo kulikuwa na jua."

Mwenyekiti akasema shauri limekwisha, kilima ni cha kampuni. Shuka ya bluu ikainuka dirishani, ikaenda, na Petronilla akaifuata bila kuangalia nyuma.

Bwana Mutua alinunua. Alijenga banda la mbao la kunywea chai, akapanda maua, akaleta marafiki wa Nairobi kuonja uvuvi na hewa. Kampuni ikabadilisha tangazo lake: *Lala nchi mbili kwa kiwanja kimoja.* Orwa akamfanya Ojakol mwangalizi wa kudumu. Kilima nacho hakikuwa kimehudhuria baraza, au hakikujali. Kila jioni kilijing'oa, malori yakasimama, Koplo Opolot akainua kizuizi chake.

Jumamosi moja mwezi wa Desemba wageni walikuwa wengi na viti havikutosha. Ojakol, aliyekuwa ameshinda akibeba makreti ya soda, aliketi pale alipoona pa kuketi, mgongo kwa mkuyu, wakati kilima kikivuka. Alikuwa amechoka. Walipotulia ng'ambo alisikia visigino kwenye majani, akajiinua haraka atoroke, kama ilivyo, macho chini, mkono mbele ya uso.

Visigino havikupinda kwenda kando. Vilikuja moja kwa moja vikasimama mbele yake. Alingoja kusikia shuka ikivutwa kichwani. Hakusikia kitu.

"Na huyu mama ni nani?" rafiki mmoja wa Mutua akauliza kutoka kwenye banda.

"Ni wa huku huku," Mutua akajibu. "Anakuja na mahali."

Ojakol aliinua macho kwa sababu kivuli kilikuwa hakiondoki. Akurut alikuwa kichwa wazi. Ulikuwa uso wa Petronilla, umezeeka, na ulimtazama machoni bila aibu na bila hasira, kama mtu anavyomtazama dereva aliyeegesha lori mlangoni pake. Petronilla alikuwa nyuma yake na mtungi wa maji. Yeye alikuwa akitazama mto.

Kilima kilikuwa kimevuka mto tangu mvua za masika na hakikumtoa jasho hata siku moja. Hili lilimtoa. Maana mama mkwe hafunui uso wake mbele ya mkwe. Hufunua mbele ya watu wengine wote, watu wasio na undugu naye.

"Mgeni," Akurut akamwambia, mwenyewe, kwa kinywa chake. "Sogea kidogo. Ulikuwa umekalia figa langu."

Ojakol akasogea. Akurut akainama, akapanga kuni, akapuliza moto mpaka ukashika, akateleka viazi. Vilipoiva akamkaribisha kila mtu aliyekuwa pale, na kwa kuwa alikuwa mgeni kama wale wengine, Ojakol naye akapewa kimoja, mkononi.

Alfajiri kilima kikarudi Kenya na wenye kiwanja juu yake.