Meza Zifuate Watu

Kitanda cha mama mkwe wangu kilipanda kilima mchana kweupe, kimebebwa mabegani na wanaume wanne, godoro juu yake, na juu ya godoro mito yote ya nyumba imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Mwenyewe alikuwa ametangulia, fimbo mkononi, filimbi mdomoni. Alikuwa amefundisha michezo shuleni mpaka akastaafu, na kwake yeye, kitu chochote kilichohitaji zaidi ya watu wawili kukisogeza kilihitaji na filimbi. Akipuliza kwa kirefu, wabebaji walisimama kupumua. Akipuliza kwa mkato, safari iliendelea.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni kwake alikitazama kile kitanda kikipita, akauliza kwa sauti ya chini, "Jamani, kuna msiba?"

Mama akatoa filimbi mdomoni. "Hakuna msiba, mwanangu. Tunahama. Na wewe una mikono, beba mto."

Yule mwanamke akaegemeza ufagio ukutani, akabeba mto.

Mimi nilikuwa nyuma, nimekumbatia kichwa cha cherehani yangu kilichofungwa kwenye shuka, nikijitahidi kuwa na huzuni. Nilikuwa nimeiandaa huzuni hiyo kwa miezi. Lakini mtu hawezi kuhuzunika sawasawa huku anacheka.

Tulikuwa wapangaji wa nyumba ya mstari wa mbele, unaotazamana na ufuko, tangu mwaka nilioolewa. Siku hizo hakuna aliyeitaka. Chumvi ilikula bawaba, mchanga ulipita chini ya mlango, na msimu wa upepo ukianika shuka asubuhi, jioni unalifuata kwa jirani. Mume wangu alikuwa dobi wa hoteli kubwa. Wenzake kazini walimwita Pasi. Akirudi kazini alivua viatu mlangoni, akaenda kuloweka miguu baharini, kama watu wengine wanavyonawa mikono kabla ya kula. Mama alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, akachukua chumba chenye dirisha kubwa, na tangu hapo bahari ikawa yake. "Leo imeamka vibaya," alikuwa akisema kabla hajatoka kitandani, kama anayemzungumzia mwanafunzi mkorofi.

Kisha watu wa mbali wakaugundua mji wetu. Kwanza walikuja kupumzika siku chache. Baadaye wakaanza kuulizia nyumba. Mstari wa mbele ukanunuliwa mlango kwa mlango. Kuta zikapakwa rangi nyeupe, vyungu vya maua vikapangwa barazani, halafu wenyewe wakafunga milango na kuondoka mpaka likizo nyingine. Jioni ungeweza kutembea ile njia ya ufukoni ukapita nyumba baada ya nyumba bila kuona taa wala kusikia mtoto akikemewa.

Na mimi nilikula humo humo. Nashona mapazia. Kila nyumba iliyouzwa ilikuwa na madirisha, na kila dirisha lilitaka kuvikwa. Dalali mmoja, kijana nadhifu asiyekosa kuchomekea shati hata juani, alikuwa akinipeleka kwa wanunuzi wake. "Fundi ndiye huyu," alikuwa akisema, nami natoa futi na kupima. Nilikifurahia kila kibao cha "Nyumba Inauzwa", mradi hakikupigiliwa kwenye ukuta wetu.

Siku moja mama mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Hakupiga simu kwanza, nikajua kuna jambo. Alimaliza chai yake yote ndipo akasema.

"Mwanangu, nimekuja na neno zito. Binti yangu kajifungua tena, nami nimechoka kuwaona wajukuu kwenye simu. Nataka nikaishi nao. Nyumba hii nimeamua kuiuza."

Ningependa kumchukia, ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa ameketi kwenye kiti chetu akiufinyafinya mkoba wake, machozi yanamlengalenga, na kwa miaka yote ile hakuwahi kutupandishia kodi bila kuomba radhi. Nikamwambia tumeelewa. Akashusha pumzi.

Kutoka chumbani, Mama akasema, wala hakuinua sauti, "Mimi sijaelewa. Na humu nitatoka nimelala."

Dalali akaanza kuleta watu. Nilifagia, nikafuta vioo, nikawapisha. Mama hakupisha mtu. Alikaa kwenye kiti chake katikati ya sebule, na kila mnunuzi akatembezwa mara mbili kwa wakati mmoja.

"Hapa kuna hewa safi mwaka mzima," dalali anasema.

"Hewa na mchanga," Mama anasema.

"Mandhari kama haya huyapati popote."

"Nyumba njema si mlango. Kaulize bafu."

Wengi waliaga upesi. Mume wangu akamsihi mama yake asituaibishe, naye akamuuliza: amefundisha watoto kusema kweli maisha yake yote, leo aanze uongo uzeeni?

Kisha wakaja mume na mke wa makamo. Mwanamke alikuwa na cheko la ghafla, la mtu anayecheka kabla hajajizuia. Aliposikia habari za bafu alicheka hivyo, akavuta kigoda, akaketi mbele ya Mama. "Basi tuambie yote," akasema. Na Mama akamwambia yote. Bawaba. Mchanga. Ukuta wa jikoni unaotoka jasho. Akamweleza jinsi jua la asubuhi linavyoingia kwa dirisha la chumbani, likaanzia sakafuni, likapanda ukutani polepole, mpaka linakufikia uso na kukuamsha bila kukushtua. Hapo sauti yake ikageuka. Nilimtazama yule mwanamke usoni nikajua nyumba imekwisha kuuzwa, na aliyeiuza hakuwa dalali.

Wakitoka, mwanamke alishika pazia la sebuleni, akaligeuza kutazama upindo wake. "Haya alishona nani?"

"Fundi ndiye huyu," dalali akasema, mazoea yakiwa yamemtangulia, kisha akajiuma mdomo.

"Basi utanishonea mapya, ya nyumba nzima. Tafadhali."

Aliomba kwa nia njema. Hakujua alichokuwa akiomba. Dalali alikuwa akitazama viatu vyake.

"Nitashona," nikasema.

Jioni ile, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nje, mume wangu aliniuliza kama nina akili timamu. "Umshonee mtu pazia la dirisha unalofukuzwa?"

"Sifukuzwi. Nahama. Na madirisha yale akiyashona mwingine atayakosea." Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, maana wakati huo hatukujua tunahamia wapi.

Ni yeye aliyepata pa kuhamia. Juu ya kilima, nyuma ya hoteli, kulikuwa na mtaa ambao dalali hakuwahi kumpeleka mteja, kwa sababu ulikuwa na kosa moja lisilosameheka: haukutazama bahari. Ulitazama mapaa, matangi ya maji na nguo za watu. Wapishi, walinzi, watandika vitanda, wote walioshindwa na kodi za mbele, walikuwa wamejipandia huko mmoja mmoja. Mwenzake wa kazini alikuwa akiuza nyumba kuukuu yenye ua mpana, naye alitaka kumuuzia mtu anayemjua. Kwa akiba yetu na mkopo wa chama cha wafanyakazi tukaweza kuinunua. Kununua! Kule mbele tusingepata hata choo.

Tukampeleka Mama akaione. Alizunguka chumba kwa chumba akigonga kuta kwa fimbo, akasimama uani. "Bahari iko wapi?"

Mume wangu akaelekeza kidole juu ya mapaa. "Kule, Mama. Ukinyamaza utaisikia."

"Sitanyamaza," akasema, akageuka kurudi.

Sasa, kila mwaka kabla ya msimu wa wageni, mtaa wetu wa mbele ulikuwa na siku yake. Meza zilitolewa nje zikaunganishwa kwenye njia ya ufukoni, kila nyumba ikaleta ilichopika. Watoto walishindana kwa magunia. Watu wazima walivuta kamba, hoteli upande huu na mji upande ule, Mama akiwa refa. Mwaka ule mwenyekiti wa kamati, kinyozi tuliyemwita Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, alikuja kwetu amenywea. Wenye nyumba wapya walikuwa wamelalamika kwamba makelele yanawafukuzia wageni. Njia ya ufukoni haitatolewa tena kwa meza.

"Labda tuiache tu," Kipaza akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Siku za kuhama zilikuwa zimekaribia na hakuwa amefunga hata kijiko. "Hebu nikuulize. Watu wenyewe wako wapi?"

"Wengi wako juu kule, Mama. Huku mmebaki nyinyi na wengine wawili watatu."

"Na sisi tunakwenda."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa njia mnaililia ya nini? Meza zifuate watu."

Kipaza akamtazama, akanitazama mimi. Mama alikuwa amegeukia dirishani. Akaegemeza kidevu juu ya fimbo, akasema, "Iwe siku hiyo hiyo tunayohama. Mikono itakuwapo." Halafu akanigeukia na kuniomba boksi la vyombo vyake.

Ndivyo ilivyokuwa hata kitanda kikapanda kilima kimezungukwa na meza. Walikuja wa hoteli waliomaliza zamu, wakaja wa mtaa wa juu kutupokea, na katika msongamano ule vitu vikachanganyika. Meza yetu ya kulia iliunganishwa na meza za watu, viti vyetu vikakaliwa kabla havijaingia ndani, na sufuria yangu kubwa niliikuta imeshapikiwa na mtu nisiyemfahamu. "Mwenyeji," akaniambia, "onja chumvi."

Tatizo lilikuwa kamba. Mtaa wa juu ni mwembamba na unakata kona. Ilipotandazwa, hoteli walikuwa upande mmoja wa kona na mji upande mwingine, hawaonani. Kipaza alitaka tuache. Mama akaenda kusimama kwenye kona yenyewe, mahali pekee palipoona pande zote, akapuliza. Ukawa mchezo wa ajabu: watu wanavuta wasiowaona, wanatukana wasiowajua, kila upande ukiamini unashinda.

Katikati ya vurugu hizo akatokea yule mwanamke mnunuzi, akihema, dalali nyuma yake. Walikuwa wamekuja kuchukua funguo, wakakuta mlango wazi na nyumba tupu, wakafuata kelele.

"Mji umepungukiwa!" Kipaza akanguruma, sauti yake imerudi. "Dada, vua viatu! Na wewe dalali, acha kusimama kama kibao!"

Mwanamke akacheka lile cheko lake, akavua viatu, akashika kamba. Dalali akasita, akachomoa shati, akashika nyuma yake. Sijui kama ni uzito wao au ni mshangao, lakini ng'ambo ya kona kamba ikaponyoka, na hoteli nzima, mume wangu akiwa wa mwisho, ikaanguka kinyumenyume juu ya godoro la Mama lililokuwa bado nje. Nilikimbia nikidhani ameumia. Alikuwa amelala chali, wenzake juu ya miguu yake, anacheka mpaka machozi yanaingia masikioni.

"Mji!" Mama akatangaza. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa funguo za nyumba ya mbele. Hakuna aliyejua kuwa amezichukua yeye. Akaziweka kwenye kiganja cha yule mwanamke, kilichokuwa chekundu kwa kamba, akakifunga kwa mkono wake.

"Dirisha la chumbani," akamwambia, "usiliwekee pazia zito."

"Sitaliwekea," akajibu, hacheki sasa. "Utakuja kuliona?"

"Nitakuja bafu likipona," Mama akasema.

Miaka imepita. Siku ya mtaa haikurudi ufukoni. Baadhi ya watu wa mbele ndio wanaopanda, na yule mwanamke hajakosa hata mara moja. Kamba bado inavutwa kwenye kona. Dalali naye ameanza kugonga mlango wetu, kwa sababu siku hizi wateja wanauliza mtaa wenye watu. Namkaribisha chai, anakunywa, anaomba, nakataa, tunaagana vizuri. Mama alitutoka mwaka juzi, katika chumba kinachotazama ua, amelala kama alivyoahidi, ila hakuwa humo alimoapia.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku niliyoshuka kwenda kutundika mapazia. Ilikuwa juma moja baada ya kuhama. Ya chumbani nilikuwa nimeyashona kwa kitambaa chepesi kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Yule mwanamke aliyeinunua nyumba alinishikia ngazi, kisha akanivutia kiti dirishani, akaniacha peke yangu bila kuambiwa. Niliitazama bahari. Ilikuwa imeamka vizuri. Nilingoja moyo uniume, nikangoja kidogo tena, halafu nikakusanya pini zangu na kupanda kilima.

Nilisikia ugomvi kabla sijafika mlangoni. Kabati la vyombo lilikuwa katikati ya sebule. Mume wangu alitaka likae karibu na mlango. Mama yake alisema likikaa hapo atapita wapi yeye, kwa dirishani? Waliponiona waligeuka wote wawili, wakaanza kunieleza kwa pamoja. Nikawaambia nina njaa, kabati libaki lilipo mpaka kesho. Tukala hapo hapo, sahani mapajani, kila mtu upande wake, tukipitishiana chumvi kwa kulizunguka.