Mfasiri wa Munyao

Kiharusi watu wa Kasikeu wanakijua. Mdomo huenda upande, mkono hufa, mtu hubebwa hadi barabarani huku majirani wakiulizana nani ana gari. Munyao hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa uani Jumapili asubuhi akipeta mbaazi, akashika kichwa, akakaa chini kidogo, kisha akainuka mwenyewe, akavaa koti lake la kanisani na kumuuliza mkewe, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitana chake, "Ngelu matikani sovi kundole?"

"Umesema nini?" Katunge akauliza.

"Sovi kundole!" Munyao akarudia, sasa amekereka, na akashika njia ya kanisani.

Ungemjua Munyao ungeelewa kwa nini mkewe alimfuata mbio. Huyu ni mwanamume aliyeposa kwa maneno machache kuliko yale wewe unayotumia kununua chumvi. Kwao, katika Kanisa la Moto wa Juu, hata watoto wa shule ya Jumapili hunena kwa lugha, lakini yeye aliomba kimya, macho wazi. Mchungaji Musyimi alikuwa amemwombea hiyo karama mpaka akachoka. Na leo, katikati ya ibada, Munyao alisimama bila kuitwa, akamwaga maneno hayo mbele ya watu wote. Hayakuwa Kikamba, hayakuwa Kiswahili, lakini yalipanda na kushuka, yalikuwa na maswali na majibu yake, na mikono ilikuwa inaenda huku na huku. Mama mmoja akaanguka chini.

"Baba Ndinda amejazwa!" Mchungaji akalia machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, tusimsingizie, ni mtu mwema.

Shida ni kwamba katika kanisa lile lugha haiachwi hewani hivi hivi. Lazima apatikane wa kuifasiri, na desturi yao ni kwamba hufasiri yule aliyesimama karibu. Aliyesimama karibu ni Katunge.

"Mama Ndinda, Bwana anasema nini?"

Katunge akamtazama mumewe. Angesema, "Jameni, sijui, naona huyu mzee ni mgonjwa," wangesema ni pepo, na wangemkemea hadi jioni wakimshika mikono na miguu. Alikuwa ameshaona wakimfanyia hivyo jirani mmoja mwenye kifafa. Basi akatoa la kwanza lililomjia mdomoni.

"Anasema... tupendane."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Ni uongo mdogo wa kumwokoa mtu. Ungeishia hapo, nani angemlaumu?

Jioni Ndinda, binti yao anayefundisha Migwani, alipiga simu, akaongea na babake kidogo tu, akaanza kulia. "Mama, hiyo si karama! Mpeleke hospitali kesho asubuhi, usingoje!" Wakaenda hospitali kubwa, kichwa kikapigwa picha, na mwishowe wakaingizwa kwa mtaalamu wa usemi. Alikuwa dada wa Kisomali anayeitwa Kowsar, aliyelelewa Emali nyuma ya duka la vitambaa la babake, na Kikamba chake kiliwaaibisha Wakamba wengi wa Nairobi.

"Mama, ni kiharusi," Kowsar akasema. "Kimepiga upande wa kushoto, nyuma nyuma, pale ubongo unapoyachagua maneno na kuyaelewa. Ndiyo maana mkono uko sawa na mdomo uko sawa. Sauti anayo, na mwendo wa maongezi anao. Maneno yenyewe ndiyo yamevurugika. Na yeye anajisikia anaongea vizuri kabisa. Anashangaa ninyi mna shida gani."

"Atapona?"

"Anaweza kurudisha mengi, hasa tukianza mapema. Umlete kila Jumatano. Lakini nisikie vizuri, mama. Nyumbani usijifanye umeelewa. Ukikosa kuelewa, mwambie hujaelewa, mwonyeshe kitu chenyewe, mpe muda atafute neno, ungoje. Ukimwitikia tu ndio, ndio, atabaki hapo hapo alipo."

"Ndio, ndio," Katunge akaitikia.

Na alikuwa na nia, haki ya Mungu. Tatizo lilikuwa Jumapili.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na simenti iliyonunuliwa kujengea mnara. Wanawake walikuwa wameomba mara nyingi, kwa adabu zote, hiyo simenti ijenge silanga, yaani ukuta mtoni wa kuzuia maji ya mvua yasikimbie yote, maana wao ndio waliokuwa wakichimbua mchanga kwa kikombe kutafuta maji ya kupikia. Mzee Kisilu, mwenyekiti wa baraza la kanisa, aliwajibu kwamba watajibiwa. Katika baraza hilo hakukuwa na mwanamke hata mmoja, na Katunge, mwenye ulimi mkali kuliko wazee wote wale, alikuwa amekaa benchi la nyuma tangu aolewe, amejaa maneno hadi kooni.

Jumapili hiyo Munyao akasimama tena, akamwaga sovi zake na kundole zake. Katunge akajisikia akisema, "Bwana anasema simenti si ya mnara. Ni ya silanga."

Kisilu akakohoa kama aliyemeza nzi. Lakini atabishana na nani? Jumatatu wanaume walikuwa mtoni na majembe. Katunge alisimama ukingoni akiwaangalia wakichimba msingi, na raha aliyoisikia hakuisikia hata siku ya harusi yake.

Jumapili iliyofuata Bwana alitaka choo cha wanawake kitiwe mlango. Iliyofuata, Bwana alisema matangazo ya wazee yamekuwa marefu mno. Katunge akahamishiwa kiti cha mbele, chenye mito ya kukalia. Watu walianza kufika kwake katikati ya wiki kuuliza mambo yao, na hivyo Jumatano moja ikapita kwa sababu ya wageni, nyingine kwa sababu ya matope, na baadaye akawa hatafuti tena sababu. Kila usiku alijiambia wacha silanga iishe kwanza. Kila usiku alijua anachokifanya, na akalala.

Shule zilipofungwa Ndinda akafika, akaona, akamgombeza mamake hadi kuku wakakimbia, kisha yeye mwenyewe akampeleka babake kwa Kowsar, na akawa anakaa naye uani na kikombe, na jembe, na picha. Taratibu Munyao akaanza kuyasikia makosa yake mwenyewe. Alikuwa akianza kumwaga maneno, anakatiza, anashika mdomo, anakunja uso. Katunge akimwitikia ndio, ndio, anasukuma sahani mbali na kumkazia macho.

"Usiniangalie hivyo!" Katunge alimfokea siku moja, kisha akaingia jikoni na kulia. Alimtaka mumewe arudi. Hilo alilitaka kweli. Angelitaka zaidi kama lisingekuja na benchi la nyuma.

Ukuta wa silanga ulikuwa umefika kiunoni Jumapili ile Munyao aliposimama tena. "Sovi..." akaanza, akanyamaza, akajaribu tena. Katunge hakumngoja.

"Bwana anasema ukuta uongezwe urefu, na wazee nao wabebe mawe."

"Hapana," akasema Munyao.

Alisema kwa Kikamba, safi kabisa. Jasho lilikuwa likimtoka. "Sija... sijasema hivyo."

Watu wote mle ndani walinyonya Kikamba, hakuna aliyekosa kusikia. Lakini walikuwa wameshazoea. Vichwa vyote vikageuka kumtazama Katunge, na Mchungaji Musyimi akauliza kwa unyenyekevu, "Mama Ndinda, Bwana anasema nini?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Bwana hajasema yote, ataendelea wiki ijayo. Wangepiga makofi na ukuta ungeisha. Akamwangalia Munyao. Midomo yake ilikuwa bado inacheza, na macho yamemng'ang'ania yeye peke yake. Akaogopa. Akijaza neno lake hapo, huyu mtu hatajaribu tena.

"Amesema hajasema hivyo," Katunge akasema. "Na ni kweli. Hajawahi. Mzee wangu alipigwa na kiharusi, na mimi nilijua tangu mwanzo. Silanga, choo, matangazo, hayo yote niliyasema mimi."

Mchungaji akakaa chini polepole. Mzee Kisilu alisimama, akarekebisha tai, akasema kwa upole mwingi, "Basi wapendwa, kama si Bwana aliyesema, ile simenti..." Ibada ilipokwisha, wanaume wale wale walikuwa wakiitoa mifuko mtoni kuirudisha nyuma ya kanisa. Hata wanawake waliokuwa wakililia maji walimpita Katunge wakiangalia viatu vyao.

Mume na mke walirudi nyumbani kwa njia ya mtoni. Kwenye ukuta ule wa nusu Munyao akasimama, akaunyooshea kidole.

"Silanga," akasema. Akapumua. "Ni... nzuri." Akapumua tena, akilivuta neno kwa nguvu. "Ungeni... ungeniuliza. Ningesema."

Katunge akasikia kicheko kikipanda, na hasira nayo nyuma yake.

"Nikuulize? Nikuulize mimi? Na wewe, Baba Ndinda, tangu unioe, mimi umewahi kuniuliza nini? Taja kimoja tu. Na usinikimbilie kwa hizo sovi zako!"

Munyao akafungua mdomo. Katunge alikuwa amefundishwa ampe muda, asimjazie neno, angoje. Kwa mara ya kwanza akangoja. Munyao akatafuta, akatafuta, akaufunga mdomo, na safari hii haukuwa ugonjwa.