Jirani wa Kusini

Kitendawili, na mnitegee masikio: mama amelala chali, watu wanne wamemkalia pembeni, ukikosa jina la mmoja tu, mama huyo si wako tena. Ni nini? Mkishindwa msinipe mji, sina pa kuuweka. Jibu nawapa bure. Ni shamba.

Asiyeamini akamuulize Kodbanu.

Kodbanu alifika ofisi ya ardhi Jumapili, siku ya kwanza ya kazi kwao, saa tatu asubuhi, mwezi wa Magh wenye baridi kali, ukungu ukiwa bado umeyalalia mabati. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuwa amejifunga shali ya marehemu mumewe juu ya sari nyeupe, na mkononi alishika mfuko wa bisi za mchele na kipande cha sukari guru. Alikuwa amevuka mto kwa mashua ya kwanza. Alikuja kutafuta hati ya shamba lake, ambalo lilikaa chini ya mto miaka ishirini na miwili na sasa lilikuwa limerudi.

Mto wa kwao ndivyo ulivyo. Unakula kijiji, unakaa nacho, ukikichoka unakitema. Safari hii ulikuwa umekitema kijiji chao kizima, Bokulia, kisiwa cha tope jeusi laini, bila nyumba wala mti. Wa kwanza kukiona alikuwa Torab Matbor, mkubwa wa upande ule, na siku hiyo hiyo alipeleka wanaume wenye fimbo na magunia ya mbegu za haradali. Alhamisi bwana ardhi angesikiliza madai. Mwenye hati angepewa chake. Asiye na hati, shamba lake lingehesabiwa kuwa la serikali, na la serikali lingekodishwa kwa Torab Matbor, kwa kuwa ndiye aliyeomba.

Karani wa masjala aliitwa Fozlar, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Vitabu vya vijiji vilivyozama vilikaa rafu ya chini kabisa, na vyote vilikuwa na maji. Miezi ya mvua maji yalifurika hadi mlangoni, na tarishi alitega kimia pale kizingitini akapata kitoweo cha kupeleka nyumbani. Wakati wa baridi yalishuka. Kitabu cha Bokulia kilikuwa kimeanza kukauka tangu mavuno, na kati ya kurasa zake zilikuwa zimeota nyasi. Hivyo ndivyo ofisi ilivyojua kwamba kijiji kimeibuka, kabla hata barua haijaletwa. Fozlar alizipunguza nyasi kwa mkasi ili aweze kusoma.

"Nani alinunua?" aliuliza.

"Baba mkwe wangu. Meher Ali."

"Shangazi, orodha ya majina imeliwa na mchwa. Kwa jina sikupati. Lakini kila hati humu imeandikwa majirani wake wanne. Nitajie hao, hati nakupa kabla chai yangu haijapoa. Kaskazini nani?"

"Kefayet. Yule kipofu."

"Mashariki?"

"Nitai mfinyanzi."

"Magharibi?"

"Jomir wa maziwa. Alikuwa anatia maji, lakini Mungu amsamehe."

"Kusini?"

Kodbanu alichota bisi akazitia mdomoni. Alizitafuna muda mrefu kuliko bisi zinavyohitaji.

"Kusini ni mto," alisema.

Fozlar alifunua kurasa siku ile nzima. Zile zilizoshikana alizitenganisha kwa kisu cha kukatia tambuu, na maji aliyakamulia kwenye ndoo. Jioni alisema hakuna.

Jumatatu alimwita mezani. Alikuwa amefikiri.

"Shangazi, mwaka ulioandikwa hati hiyo, mto ulikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Bokulia. Nani angeutaja kuwa jirani? Ni kama mimi niseme jirani yangu ni Maka."

"Basi nimesahau."

"Kaskazini umekumbuka, na maji ya Jomir umeyakumbuka."

"Uzee, mwanangu. Unachagua wenyewe pa kuingilia."

Fozlar alicheka kidogo, kisha akaacha. "Walete majirani. Wewe unamtaja, yeye anakubali, anaweka dole gumba. Hiyo pia inakubalika."

"Walishakufa wote."

"Waje hivyo hivyo. Hakuna kifungu kinachokataza."

Jumanne saa sita mchana walikuja. Walivuka kwa mashua ya kawaida, na mwenye mashua aliwatoza nusu nauli kwa sababu chombo hakikuzama hata kidole walipopanda. Walikaa kwenye benchi la varanda wakichuruzika maji, shuka zao zimewagandia miguuni. Kefayet alikuwa na fimbo yake. Nitai alikuwa na udongo kwenye kucha, akimuuliza tarishi kama watu bado wananunua vyungu au ni plastiki tupu siku hizi. Tarishi alimwambia ukweli, na Nitai hakuuliza tena.

Mwisho wa benchi aliketi mwanamke. Alikuwa mwembamba, amejifunika kichwa, na alinuka fenesi bivu na tope. Hakuna aliyemsalimu Kodbanu kwa adabu kama yeye, maana aliinuka kabisa ndipo akaketi tena.

Fozlar aliwaita mmoja mmoja. Kodbanu alimtaja Kefayet, Kefayet akakubali, akaweka dole. Dole halikushika wino, liliacha maji tu, na Fozlar aliweka karatasi juani hadi ikabaki alama ya chumvi. Alisema inatosha. Nitai vilevile, na Jomir, ambaye aliomba maziwa yake yasitajwe kwenye karatasi.

"Sasa huyu," Fozlar alisema. "Kusini."

Kodbanu alitazama miguu yake.

Fozlar alimgeukia kipofu. "Mzee, huyu dada ni nani?"

"Mimi ni wa kaskazini," alisema Kefayet. "Ya kusini wataongea wa kusini."

"Dada, basi jitaje mwenyewe."

"Si kanuni yenu inasema kwamba jirani hajitaji?" mwanamke alisema. "Anatajwa, kisha anakubali. Mimi nimekaa. Nitakubali."

Ndivyo kanuni ilivyosema, na Fozlar akafunika kidau cha wino. Wanaume watatu walirudi kwa mashua ya saa kumi. Mwanamke alibaki.

Kodbanu alimjua toka siku ya kwanza ya ndoa yake. Alikuwa Shorbanu, mjane asiye na mtoto, binti wa Kalu. Shamba lake lilikuwa kusini, na ndani yake kulikuwa na kisima na mfenesi mmoja uliozaa hadi matawi yakaegemezwa kwa mianzi. Mume wa Kodbanu, Somesh, alikuwa mtu mpole ambaye hakumpiga mtu hata siku moja. Kila mwaka alipolima alipitisha jembe kando ya tuta la mpaka, na kila mwaka tuta lilihama kiganja kimoja kwenda kusini. Viganja vikafika kisimani. Baadaye vikaupita mfenesi. Somesh akajenga nyumba kwenye kivuli cha mti huo.

Shorbanu alipolalamika, wazee walikaa kitako uani kwa Somesh. Hakuwa na karatasi. Somesh naye hakuwa nayo mkononi, lakini alikuwa mwanamume na alikuwa na ng'ombe wawili. Kodbanu ndiye aliyewaletea wazee chai. Shorbanu alimgeukia mbele ya wote, akamwita kijirani, akamuuliza, "Wifi, wewe unajua. Mfenesi wa nani?"

Kodbanu alivuta sari usoni, akakusanya vikombe, akaingia jikoni.

Shorbanu alienda mjini kuosha vyombo vya watu, na huko akafa kwa homa. Miaka mitatu baadaye mto ulikula kila kitu, mfenesi kwanza.

Jumatano Kodbanu alikuta benchi bado lina mtu, na chini yake dimbwi. Tarishi alikuwa amelizungushia magunia ili maji yasiingie kwa mhasibu. Hapakuwa na benchi jingine. Kodbanu aliketi upande wa pili, mfuko wa bisi katikati yao. Kufika adhuhuri alikuwa ameusogeza kidogo upande ule. Shorbanu alichukua bisi tatu, akazishika kiganjani hadi zikalowa, hakula.

Simu ililia. Alikuwa Rofik, mwanawe, anayeshona mashati kiwandani Dhaka. Hapo kabla alikuwa amesema akipata ardhi ataacha kiwanda, aje na mke na mtoto, walime.

"Mama, wameipata?"

"Bado wa kusini."

Mashine zilisikika nyuma ya Rofik. "Mama, nisikilize. Nyumba ilikuwa upande ule. Tope zuri lote liko upande ule, la kaskazini ni mchanga wa kuoshea sufuria. Ukimtaja huyo mama, hati inatoka na kipimo cha zamani. Tutalima nini? Kaa kimya tu, watakata tamaa watakupa."

"Nimekaa kimya sana, baba."

"Basi kaa siku mbili zaidi."

Alikata. Kodbanu aliitia simu kwenye mkunjo wa sari. Shorbanu alikuwa amesikia kila neno, maana waliokufa husikia vizuri, lakini alikuwa anatazama uani, ambako mbuzi wa ofisi alikuwa anakula madai ya mtu.

Alhamisi saa nne walimwita ghorofani. Bwana ardhi alikuwa kijana msafi, mwenye mafua. Torab Matbor alikuwa ameshaketi, kofia nyeupe kichwani, kikombe cha chai mkononi, na alimkaribisha Kodbanu kama anayekaribisha mgeni kwake.

"Mama, keti. Baridi hii isije ikakuua kabla yetu."

"Hati?" bwana ardhi aliuliza.

"Iko chini kitabuni. Haijaonekana."

"Kwa nini haijaonekana?"

"Mipaka yake haijakamilika."

Bwana ardhi alipenga kamasi. Aliuliza kama kuna mwingine mwenye hati ya Bokulia. Wajane wawili na mzee mmoja walikuwa ukutani. Orodha ile ile ya mchwa ilikuwa imewamaliza na wao. Walitaja majirani watatu, wengine wawili, na kila mmoja alipofika kwa aliyebaki alikohoa au alitazama dirishani. Inaonekana Bokulia nzima matuta yalikuwa yametembea.

Muhuri ulipigwa kabla chai ya Torab Matbor haijaisha. Ardhi yote ikawa ya serikali, na ya serikali ikawa yake kwa miaka tisini na tisa. Aliposimama kuondoka alimpa Kodbanu tambuu aliyokuwa amejifungia mwenyewe.

"Rofik akitaka kazi ya kulima aje," alisema kwa upole. "Simnyimi mtu kibarua."

Kodbanu aliipokea tambuu. Hakuna aliyemfundisha namna ya kukataa.

Aliteremka ngazi. Masjala ilikuwa inanuka udongo uliofunuliwa sasa hivi. Fozlar alikuwa amekifungua kitabu cha Bokulia juu ya meza, anakifagia kwa ufagio wa mkono. Nyasi zilikuwa zimeng'olewa zote. Mistari ya jembe ilikuwa imepita kwenye kurasa, ikianzia jalada la kwanza na kuishia la mwisho, bila kusimama kwenye jina la mtu yeyote. Kwenye mifereji kulikuwa na mbegu ndogo za haradali.

"Wamemaliza mapema," Fozlar alisema. "Watu wa Matbor wanajua kazi."

"Hati bado itasomeka?"

"Wino uko chini kabisa, udongo umeufunika tu. Ningeambiwa pa kufukua, ningefukua." Alitua ufagio. "Lakini sikudanganyi, shangazi. Jumanne ingekufaa. Leo hata ikitoka ni ya kuweka kabatini."

"Najua."

Fozlar alimimina chai kwenye vikombe viwili, akampa kimoja, kingine akakipeleka kwenye benchi. Shorbanu alikishika kwa mikono yote miwili. Mvuke ulikatika mara moja.

Saa kumi kasoro kidogo tarishi alianza kufunga madirisha. Fozlar alichukua ufunguo, akasimama mlangoni, akawatazama wale wanawake wawili kwa zamu.

"Faili lako siwezi kuliacha wazi," alisema. "Na huyu siwezi kumfungia ndani, wala kumrudisha kwenye mashua hajaandikwa. Mwenye mashua atauliza anamshusha wapi. Nimalizie, shangazi, nikaswali. Kusini ni nani?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye benchi, tone, kisha tone. Shorbanu aliweka kikombe chini bila kukinywa na akafunua uso. Ulikuwa ule ule wa siku ile ya wazee uani, haukuzeeka hata siku moja, na sasa kati yao yeye ndiye alikuwa mdogo.

"Wifi," alisema, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa. "Mfenesi wa nani?"

Kodbanu alianza kuvuta sari usoni, mkono ukafika nusu ya njia, ukarudi mapajani.

"Wako, Shorbanu binti Kalu," alisema. "Mfenesi wako, na kisima chako, na pale nilipoweka mafiga yangu pia ni pako."