Karatasi ya Maggie

Gizani kulisikika mlio mdogo: kinywa cha mtoto kikivuta titi, kikiachia, kikivuta tena. Hakuwa anameza. Mbithe aliegemea ukuta, akamhamishia Musau upande wa pili. Huko nako hakukuwa na maziwa ya maana.

Wiki ya tatu hiyo alikuwa akiishi kwa supu ya kabichi na maji ya siki. Karatasi ya mlo huo wa kupunguza mwili alipewa na Maggie, mwenzake kiwandani Thika. Kaka yake Maggie aliitoa kwenye intaneti, chuoni Juja.

"Hii si ya gazeti," Maggie alisema, akivuta kamba za aproni ya Mbithe zilizokataa kufungana. "Imetoka kwa kompyuta, kitu ya Amerika! Ukimaliza mwezi, hata bwana yako Philip atauliza huyu ni bibi ya nani."

Mbithe alicheka. Kisha akaifuata neno kwa neno, vile alivyofuata masomo yake ya jioni.

Kulipokucha alimbeba Musau, akamshika mkono Ndunge, binti yake wa miaka minne, wakaenda kliniki hapo Ruiru. Mizani ikayumba, ikatulia. Sista akatazama kadi, akatazama mizani tena.

"Mama, mtoto amerudi chini. Wewe jana ulikula nini?"

"Supu."

"Ya nini?"

Mbithe akatoa karatasi. Sista akaisoma kidogo tu.

"Nani ameandika?"

"Kompyuta."

"Na hiyo kompyuta imenyonyesha wangapi?"

Akina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Mbithe akacheka nao, macho yakimwasha.

"Kula, mama," sista akasema, sasa kwa upole. "Ugali, maharagwe, uji. Umnyonyeshe kila mara, maziwa yatarudi. Wiki ijayo nimwone."

Nje, akaketi ukingoni mwa mtaro. Kiwandani alikagua mikebe ya nanasi. Lebo nzuri haikumbabaisha, kila mkebe aliugeuza. Karatasi hii hakuwahi kuigeuza hadi sasa. Mbele, mzungu mwembamba alikuwa anatabasamu. Nyuma hakukuwa na jina la daktari yeyote. Kulikuwa na bei ya vidonge.

Nyumbani akapasha githeri ya mahindi na maharagwe, akapakua sahani mbili, akaketi na Musau kifuani. Alikula bila kuinua macho. Sahani ilipoisha akavuta iliyokuwa karibu, akaendelea.

"Mama," Ndunge akasema, "hiyo ni sahani yangu."