Somo la Upepo, Madirisha Yamefungwa

Mimi kazi yangu ni sauti. Nimerekodi hotuba, matangazo ya sabuni na vilio vya uongo vya michezo ya redio, na kama kuna kitu kinachonipandisha hasira upesi ni kelele isiyoalikwa. Mke wangu yeye ni mchoraji wa majengo. Mafundi wamembandika jina la Bi Kivuli, kwa sababu akifika kiwanjani, kabla hata salamu hazijaisha, ameshauliza jua la saa tisa litapiga ukuta gani.

Nyumba tunayokaa aliichora mwenyewe. Usiku inachukua umeme wa gridi, mchana inaurudisha kutoka kwenye sola za juu ya paa, na ahadi yake ni moja tu: mwaka ukiisha, ilichochukua kisizidi ilichorudisha. Ndiyo maana chuo kimoja kilipotaka kozi ya mtandaoni kuhusu ubunifu wa majengo ya namna hiyo, kilimwendea yeye. Mratibu wa kozi, mama mkavu wa maneno, alimpa sharti lake kwenye simu.

"Michoro ninayo mpaka nimechoka. Niletee nyumba inayokaliwa na watu, na usomaji wa mita wa mwaka mzima. Bila hivyo hakuna kozi."

Mwaka wa mita yetu ulibakiza mwezi mmoja kufungwa, na nyumba ilikuwa mbele kidogo. Sijawahi kumwona mke wangu akitaka kitu kama alivyoitaka kozi ile. Miaka yote wenzake walikuwa wakimwambia nyumba hizo zake zinaishia kwenye karatasi.

Basi tukaanza kurekodi sebuleni, yeye mbele ya kamera, mimi nyuma ya mitambo. Somo la kwanza lilihusu upepo na mwanga: madirisha yanayotazamana, hewa inaingia huku inatokea kule, feni ya nini? Hajamaliza sentensi ya pili, jirani yetu seremala akawasha randa ya umeme.

"Simama," nikasema. "Tufunge madirisha."

"Yaani nifundishe upepo nimejifungia?"

"Wanafunzi wanakuja kukusikia wewe, hawaji kusikiliza mbao."

Akacheka, akafunga. Randa ikazidi kupenya, nikatundika mablanketi juu ya vioo. Chumba kikawa giza, nikaleta taa zangu kubwa. Taa zikaleta joto, jasho likamharibia wanja, nikakokota kiyoyozi cha magurudumu kilichobaki tangu enzi za studio yangu. Kiyoyozi nacho kinanguruma, kwa hiyo tukawa tunakiwasha mpaka chumba kipoe barabara, tunakizima turekodi, halafu tunakiwasha tena. Ukawa ndio utaratibu wetu wa mwezi mzima, na mawingu nayo yalikuwa yamelala juu ya paa kutwa. Yeye macho yote kwenye maelezo yake, mimi masikio yote kwenye hedifoni. Sauti ilitoka safi kabisa, nami nikajisifu kimoyomoyo.

Siku ya kufunga mwaka alitoka kwenda kupiga picha mita, huku anaimba. Wimbo ukakatika katikati. Nikamfuata, nikamkuta ameshika kiuno, anaisoma upya.

"Imezidi," akasema. "Tumechukua kuliko tulivyorudisha. Imezidije?"

Nilitaka kuyasingizia mawingu. Lakini kiyoyozi kilikuwa kinanguruma sebuleni, kinapoza chumba kwa ajili ya somo la mwisho, na sote wawili tulikuwa tunakisikia. Tukatazamana.

Angefoka, ningejua pa kujitetea. Aliingia ndani, akakizima, akaketi kwenye kiti chake katikati ya yale mablanketi. Roho iliniuma. Hakuna aliyemwombea mema mwanamke yule kunizidi mimi, na aliyemharibia ni mimi huyohuyo.

"Tuutoe umeme wa kurekodia kwenye hesabu," nikamwambia. "Ule si wa nyumba, ni wa kazi. Nani atajua?"

"Na watakaokaa kwenye nyumba watakazochora wanafunzi wangu hawatakuwa na kazi? Hawatakuwa na waume?"

Akainuka, akayavuta mablanketi moja moja mpaka chini, akafungua madirisha yote.

"Washa kamera."

Nikawasha. Akaitazama moja kwa moja.

"Nyumba hii mwaka huu imeshindwa," akawaambia wanafunzi ambao hata hawajajiandikisha. "Nilipiga hesabu za jua, kuta na paa, nikasahau kuwahesabu watu wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Wangu yule pale nyuma ya kamera, kavaa hedifoni."

Niliuma mdomo nisicheke, nikashindwa, na kicheko changu chote kikaingia kwenye rekodi. Nikaomba turudie.

"Haturudii. Acha hivyohivyo."

Masomo mengine yote tulianza upya, madirisha wazi. Randa ilikoroma, mtu akamwita mwenziwe barabarani, karatasi za mwalimu zikapeperuka. Kila kelele ilinichoma kama sindano. Ila shati langu lilikuwa kavu mgongoni, na mke wangu alifundisha akitabasamu, jambo ambalo kwenye zile rekodi safi halikuwepo.

Tulituma kila kitu, na ile mita iliyozidi. Zikapita siku za kula bila hamu. Hatimaye mratibu akapiga simu, mke wangu akaiweka sauti ya juu.

"Nimeipitisha," akasema mratibu. "Kila mtu huniletea mita iliyofaulu, na huwa najiuliza kaipikaje. Yako naiamini. Lakini kozi ina pengo. Hakuna somo kuhusu wakaaji wa nyumba. Nani atalifundisha?"

Mke wangu alikuwa ananitazama mimi, na machozi ya furaha yanamtoka.

"Ninaye mtu," akasema.

Ndivyo nilivyojikuta nimekaa mbele ya kamera kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mikono haijui iwekwe wapi, na yeye yuko nyuma ya mitambo yangu.

"Nianzie wapi?" nikamuuliza.

"Anzia pale ulipofunga madirisha."

Nikaanzia hapo.