Ufa wa Darasa la Saba B

Mwalimu wa sayansi alipotangaza kazi ya mwezi mzima, darasa zima lililipuka kelele. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja ndani ya uzio wa shule, akitazame kila siku, na aandike kile anachokiona kwa macho yake mwenyewe. Hakuna kunakili ubaoni, hakuna kukariri. Mwisho wa mwezi wazazi wangealikwa, na kila mtoto angesimama kuwaeleza alichokigundua.

Vitu vizuri viliisha kama karanga za moto. Mmoja alimchukua paka wa jikoni, mwingine bomba linalovuja, mwingine kichuguu kilichokuwa nyuma ya vyoo. Kasuku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alichukua kengele ya shule. Alibaki rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Huyo alikuwa msichana mwembamba, mama yake alikuwa fundi cherehani, na kwa sababu hizo mbili wenzake walimwita Sindano. Alikuwa mzito wa kunyoosha mkono na mwepesi wa kuinamisha kichwa.

"Na wewe?" mwalimu akamuuliza.

Sindano alitupa macho pembeni, akaona ukuta uliokuwa karibu na bega lake.

"Ufa," akasema.

Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakamwita Mheshimiwa Ufa.

Ufa wenyewe ulianzia kwenye kona ya dirisha, ukashuka ngazi kwa ngazi kufuata matofali mpaka karibu na sakafu. Siku ya kwanza, ncha ya penseli haikuingia. Mwalimu alimfundisha kubandika vijikanda vya karatasi juu yake kwa gundi, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. "Ukuta ukisogea, karatasi itachanika," alimwambia. "Lakini usitegemee mengi. Kuta ni wavivu."

Wiki ya kwanza ilikuwa kavu. Kasuku alikuwa na hadithi za kengele kila siku, paka alizaa, na daftari la Sindano lilisema: Hakuna kilichobadilika. Hakuna kilichobadilika.

Siku ya tisa alikuta kikanda cha juu kimechanika. Kilikuwa kimekatika kwa mstari ulionyooka, kama kitambaa kilichopita kwenye mkasi wa mama yake.

"Nani kanichania karatasi yangu?" aliuliza.

"Labda Mheshimiwa Ufa alikuwa na njaa," mmoja akajibu, na watu wakavunjika mbavu.

Alibandika kingine. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Jumatatu vikanda vyote vitatu vilikuwa vimekatika, na ncha ya penseli iliingia. Alhamisi iliingia penseli nzima. Sindano alichomeka kidole chake kidogo, akahisi kijiupepo cha baridi kikitoka ndani, naye akachomoa kidole haraka kama aliyeng'atwa. Kuanzia hapo akawa anakaa upande mmoja wa kiti, mguu mmoja ukiwa tayari kukimbia. Kasuku akilalamika kwamba anabanwa, Sindano alisema anasikia joto.

Nyumbani chakula kilimshinda. Mama yake alisimamisha cherehani.

"Mbona unachezea sahani? Kuna mtu kakuudhi?"

"Hapana, mama."

"Sema basi. Mimi si polisi."

Sindano akamweleza: karatasi, mvua, penseli, kidole. Alitegemea kuchekwa. Mama hakucheka. Alichukua daftari, akapitisha kidole kwenye vipimo kimoja kimoja.

"Mteja akija na gauni lililoanza kuachia mshono, mimi humwambia alivue kwanza, maneno baadaye," alisema. "Kesho mwambie mwalimu wako. Usiogope."

Lakini aliogopa. Alikaa na daftari kifuani mpaka kipindi cha mwisho, ndipo akalisukuma mezani kwa mwalimu na kurudi nyuma hatua mbili. Mwalimu alisoma. Akaenda ukutani, akainama, akatazama muda mrefu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alilipeleka daftari lile moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shule iliyojaa na wageni njiani. "Jengo hili nimelikuta na nitaliacha," alisema. "Ufa tutauziba kabla wazazi hawajafika." Wiki iliyofuata mafundi walikuja na sementi na rangi ya krimu. Waliukwangua ufa, wakaujaza, wakaupaka mpaka ukuta ukang'aa kama sahani mpya.

Wenzake walifurahi. Sindano ndipo alipoanza kuogopa kwelikweli. Mwanzo alikuwa anaweza kumwona adui. Sasa alikaa kando ya ukuta laini, mzuri, usiosema kitu, na kila kiti kilipoburuzwa chumba cha pili aligeuka kuutazama.

Siku ya wazazi ilifika, asubuhi yenye jua kali. Mlango wa Saba B uligoma kufunguka mpaka mwalimu akausukuma kwa bega. "Rangi imeugandisha," mtu akasema. Madawati yalipangwa pembeni, kila kazi juu yake: michoro, vichupa, kengele ya udongo ya Kasuku. Sindano aliweka daftari lake kwenye dawati lao, akasogea ukutani. Kwenye rangi ya krimu, kutoka kona ya dirisha, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Alipoweka kiganja, vumbi jepesi likamdondokea mkononi. Kisha akasikia, ndani kabisa ya ukuta, mlio kama wa mtu anayevunja kijiti kikavu.

Alitazama huku na huku. Hakuna aliyesikia. Kasuku alikuwa akiimba. Nje wazazi walikuwa wameanza kuingia getini kwa nguo zao nzuri, na mwalimu mkuu alikuwa akiwapokea kwa suti yake ya kijivu.

Je, akikosea? Watamcheka mpaka amalize shule. Mwalimu wake ataadhirika. Mama yake, aliyekuwa mmoja wa wale getini, ataona aibu. Kijiti kingine kikavunjika. Miguu ikamtoa yenyewe hadi kwa mwalimu aliyekuwa varandani.

"Mwalimu, unalia."

"Nani analia?"

"Ukuta."

Mwalimu alimtazama machoni. Hakuuliza swali la pili. Akapiga makofi mara tatu. "Saba B wote nje! Acheni kila kitu kilipo. Uwanjani, sasa hivi! Na nyinyi wa Saba A, nje!"

Watoto walimiminika wakicheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mwalimu mkuu akaja mbio, tabasamu limeganda usoni kwa ajili ya wageni.

"Mwalimu, nini hiki? Unaniaibisha mbele ya wazazi."

"Jengo si salama, mkuu."

"Kwa ushahidi gani? Mafundi wamelimaliza wiki hii!"

"Huyu mtoto amepima kila siku. Yote yamo kwenye daftari lake."

"Liko wapi hilo daftari?"

Sindano akafungua mdomo kusema limebaki dawatini. Kabla sauti haijatoka, Kasuku, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikuwa ameshachomoka. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu rafiki yake aaminiwe. Aliruka ngazi mbili kwa mpigo na kuzama mlangoni.

Sindano alipiga kelele. Watu waliomfahamu miaka saba hawakujua kwamba ana sauti ile. Alimwita Kasuku kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kabla kelele haijaisha dirisha lilipasuka, ukuta ukatoa tumbo nje, ukashuka.

Lilikuwa jambo la kupepesa jicho. Kisha likaja wingu la vumbi lililowafunika wote, na ndani ya vumbi hapakuwa na sauti hata moja. Sindano alitaka kukimbia kuelekea kule, lakini mikono ya mama yake ilimshika kwa nyuma na haikuachia. Akilini mwake lilikuwa linazunguka neno moja tu: daftari, daftari, daftari. Laiti angechagua paka.

Mwalimu mkuu ndiye aliyefika kwenye kifusi wa kwanza. Alichimba kwa mikono, suti ikachanika begani, wazazi wakajipanga kupokezana matofali. Walikuwa wakitega masikio. Muda ukapita, mrefu, usiovumilika.

"Msinikanyage!" ikasikika sauti chini ya mlango ulioanguka. "Nipo hapa, jamani! Mguu wangu!"

Mama yake Kasuku akajipenyeza mbele, akaanza kuondoa matofali.

Mlango, uliogoma kufunguka asubuhi, ulikuwa umeanguka pamoja na fremu yake na kuegemea dawati. Chini yake palibaki nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo alilala Kasuku, mweupe kwa vumbi kama aliyemwagiwa unga, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili.

Siku tatu Sindano hakutoka nyumbani. Siku ya tatu mwalimu mkuu alibisha hodi. Sindano alijificha nyuma ya rundo la vitambaa, akiwa na hakika amekuja kumfukuza shule.

"Mama, sikuja kukaa," alisikika akisema. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji. "Shule nzima imefungwa mpaka ikaguliwe. Nimekuja kuomba radhi. Binti yako aliniambia kwa maandishi, nami nikapaka rangi."

Mama aliweka mkasi mezani. Alisema, "Mwambie mwenyewe. Yuko pale."

Akamwambia. Sindano alisikiliza akiwa amekumbatia kitambaa. Hakujua mtu humjibu nini mwalimu mkuu anayelia, kwa hiyo akasema, "Asante, mwalimu."

Jioni ile mama alimpeleka hospitali. Njia nzima Sindano aliandaa maneno ya kuomba msamaha, na alipofika kitandani yote yakapotea.

"Umechelewa!" Kasuku alimpokea. "Siku tatu naongea na manesi tu, hata wao wamenichoka."

"Ulikwenda kwa sababu ya daftari langu."

"Nilikwenda kwa sababu ya kiherehere changu. Sasa nisikilize. Nilikuwa nimeshafika dawatini. Nimelishika daftari. Nikasikia unaniita ile sauti ya ajabu, nikajua wewe huwezi kupiga kelele bure. Nikageuka mbio. Ukuta ulinikuta mlangoni." Akashusha sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Dawati letu halipo, Sindano. Mama amenipigia picha. Kuna matofali tu."

Sindano alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia bila kujificha. Kasuku akamsogezea shuka apangusie uso, akaendelea na habari za nesi anayekoroma.

Walipotoka, jua lilikuwa bado halijazama. Korido ya hospitali ilikuwa ndefu, imejaa watu waliokaa kwenye mabenchi pande zote mbili. Sindano alipita katikati kabisa, mbali na kuta zote, akitazama juu kwenye kila kona ya dari. Mama yake aliona. Hakumwambia aache. Alipunguza mwendo tu, akatembea naye hatua kwa hatua mpaka nje.