Bomba la Moto Kwenye Ghala la Pamba

Bonifasi alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala la pamba, goti lake bovu amelinyoosha juani, alipoona mtu asiyemjua anaingia uani na sanduku la chuma begani. Hakuna aliyekuwa ameleta habari za mgeni.

"Shikamoo, baba," mgeni alisema, akatua sanduku. "Naitwa Swalehe, fundi. Nimetoka Lindi. Nimekuja kupima bomba la moto."

"Marahaba. Moto uko wapi?"

"Haupo."

"Sasa?"

"Napima ili siku ukitokea, bomba lifanye kazi."

Bonifasi aligeuka kulitazama bomba kana kwamba naye alikuwa halijui. Mwaka uliopita Wajerumani walileta tangi la chuma, wakaliweka juu ya nguzo ubavuni mwa ghala. Bomba lilishuka hadi chini, likaishia kwenye kichwa cha chuma chenye koki. Pamba ikishika moto, hapo ndipo mpira wa turubai ungefungwa. Mvua ilijaza tangi kutoka kwenye bati la paa. Mvua zilipokwisha, lilijazwa na wanawake wa Newala, kila nyumba kwa zamu, kwa maji waliyoyapandisha kutoka chemchemi za bondeni. Ukishuka alfajiri, unarudi jua likiwa utosini.

Bonifasi alilinda koki ile, ufunguo wa kufuli lake ameuvaa shingoni, na ujira wake ulikuwa mtungi mmoja wa maji kwa siku. Kwa goti lile asingeweza kuupanda mlima, na tangu mkewe afariki hakuwa na wa kumtekea.

Lakini mtungi wa leo haukuwa wake. Jirani yake Nurdini, kabla ya kuchukuliwa kubeba mizigo ya serikali, alimwomba jambo moja. Mkewe Adija akijifungua, siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto, apate maji ya kumwosha mtoto na ya kuoga mwenyewe. "Mtungi wangu wa siku hiyo ni wenu," Bonifasi alisema. Leo ilikuwa siku ya saba.

"Utapimaje?" aliuliza.

Swalehe alitoa karatasi. "Nafungua koki. Maji yatoke mpaka yawe meupe. Halafu nafunga mpira, natazama yanaruka mpaka wapi."

"Yakitoka yanakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

Swalehe alitazama mchanga wa uani. Swali hilo hakuwa ameulizwa popote. "Kule pwani visima viko karibu, baba," alisema polepole. "Karatasi ndivyo inavyosema."

Bonifasi alifungua kufuli, Swalehe akakaza spana, akafungua koki. Bomba lilikohoa, kisha likatapika maji mekundu ya kutu, yakatawanyika uani, mchanga ukayanywa papo hapo. Mama Veridiana, aliyekuwa anapita na mtungi kichwani, alisimama kama aliyepigwa.

"Baba Petro!" alimwita Bonifasi. "Hayo si maji yetu? Mimi juzi nimepandisha mitungi miwili humo!"

"Anapima," Bonifasi alisema.

"Anapima nini? Kiu yetu?"

Wanawake walijaa. Wengine walikinga vibuyu, wengine walimtukana fundi kwa Kimakonde, naye akawa anaitikia "naam, mama" bila kuelewa. Alipofunga mpira na kuuelekeza kwenye paa, maji yaliruka yakafika kiunoni kwake, yakaanguka. Tangi lilikuwa limewekwa chini mno.

"Moto ukija," Mama Veridiana alisema, "mtauomba upige magoti kwanza?"

Wakacheka, hata Swalehe. Kisha mzee mmoja aliinama, akachovya vidole kwenye tope jekundu, akajipaka kwenye paji la uso. Kicheko kikakatika.

Siku zile habari zilikuwa zinashuka kutoka kaskazini kwamba watu wameng'oa pamba ya serikali, na kwamba kuna wageni wanaotembea wakigawa maji, ukipakwa hayo risasi haikupati. Na hapa palikuwa na mgeni wa pwani, amekuja bila taarifa, anamwaga maji mekundu mbele ya pamba. Wanawake wawili walijipaka. Mwingine akamfunika mwanawe uso, akakimbia.

"Wanafanya nini?" Swalehe aliuliza.

"Wanafikiri umewaletea dawa."

"Dawa ya nini? Ni kutu!"

"Waambie wewe."

Aliwaambia. Kadiri alivyokana, ndivyo walivyoamini zaidi, kwa maana mtu wa siri angekubalije? Akiwa hajui la kufanya, alimgeukia Bonifasi. "Sasa yamekuwa meupe. Kinga ujira wako, baba, kabla hayajaisha."

Bonifasi alikuwa ndio kwanza anafunga koki, mtungi umejaa, akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, alipoingia uani na askari Mrisho. Akida aliona tope jekundu na zile nyuso zilizopakwa, akapauka.

"Mkamate huyo," alisema, na Mrisho akamshika fundi mkono. "Na maji yaliyotoka humo, mwageni. Yote! Atakayeonekana nayo ni mwenzao."

Vibuyu vikapinduliwa. Bonifasi hakupindua.

"Bwana, haya ni ujira wangu. Ni maji yale yale ya kila siku."

"Mwaga."

"Nimemwahidi mzazi. Leo wanamnyoa mtoto."

"Bonifasi, hunielewi? Ukitoka nayo hapa, ufunguo huo si wako tena. Hakuna mtungi kesho, wala kesho kutwa. Na Mrisho atakufuata."

Bonifasi aliyatazama maji. Hakuelewa yalikuwa yamekuwa nini tangu asubuhi; yalionekana maji. Aliuvua ufunguo shingoni, akamkabidhi akida. Akainama, akajitwika mtungi, akatoka akichechemea. Nyuma yake akida alimwamuru Mrisho amfungie fundi ghalani, kisha zikasikika hatua za askari zikimfuata. Njiani watu walimpisha mbali, kama aliyebeba moto.

Adija alikuwa amekaa ukumbini, mtoto mapajani.

"Baba Petro, kuna nini huko? Watu wanapiga kelele."

"Hata mimi sijui, mwanangu. Leta chombo."

"Na wewe utakunywa nini?"

"Leta chombo."

Mrisho alifika, akasimama nyuma yake. "Twende, mzee."

"Ngoja nimimine."

Askari alitazama kichwa kidogo cha mtoto, akaangalia pembeni. Bonifasi alipiga goti zima, lile bovu akalikunja kwa uchungu, akaumimina mtungi polepole ndani ya beseni aliloleta Adija, asipoteze tone. Ulipoisha aliupindua, akaukung'uta mara mbili. Kisha akamnyooshea Mrisho mkono ili amsaidie kusimama.